Swali Nililolikata Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Desimali kaleta maswali yake leo asubuhi. Manane! Wiki iliyopita nilimwambia alete matano, yakizidi sana sita. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia. Leo kaja na manane, karatasi kumi na moja, na mchoro juu. Tunamwita Desimali kwa sababu hawezi kukutajia hata saa bila kuweka nukta. Ndiye mhandisi pekee ofisini anayejua mambo ya joto ndani ya kinu cha nyuklia, na analijua hilo vizuri sana.

Nijiandikie mambo yakae sawa, maana kichwa kimejaa. Shirika lenye kinu linataka kuongeza nguvu kuanzia tarehe 5 Mei. Kabla mamlaka yetu haijatoa kibali, lazima mbinu yao ya kuchambua usalama ikaguliwe. Mbinu yenyewe ni programu ya kompyuta. Inakadiria hivi: bomba kubwa likipasuka, maji yakamwagika, vijiti vya mafuta vitapata joto kiasi gani kabla pampu za dharura hazijaleta maji mengine. Sisi hatuna watu wa kuikagua programu kama hiyo. Tuna Desimali. Kwa hiyo tunaajiri wataalamu wa nje, na kuwaajiri ni kazi yangu. Wao joto, mimi mikataba.

Shida ni siku. Maswali manane yanahitaji siku thelathini na sita za kazi. Mkataba ukizidi siku thelathini unapanda kwa bodi nzima, na bodi inakaa Juni. Juni! Na sheria inasema tusipojibu kabla ya tarehe yao, kibali kinahesabika kimetolewa. Kinu kitakuwa kimeshapandishwa mwezi mzima, halafu ndiyo tuanze kuuliza kama ni salama.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekata swali la saba.

Lilikuwa refu kuliko yote, siku nane peke yake. Lilikuwa linauliza kama ile programu imewahi kupimwa kwa majaribio halisi kwenye nguvu mpya, au imepimwa kwenye nguvu ya zamani tu. Nikamwuliza Desimali, hili ni la lazima? Akajikuna kidevu. Akasema sehemu yake imeguswa ndani ya la nne. Nikasema basi, limekwisha.

"Nimesema sehemu, dada."

Nikamwuliza anataka maswali saba kabla ya Mei au manane baada ya Juni. Akaanza kuhesabu siku kwa vidole. Mimi ndiye niliyeshika kalamu. Akaondoka amenuna, karatasi zake kumi na moja ameniachia mezani. Nimezitia kwenye droo.

Siku ishirini na nane. La nane limekuwa la saba, pengo halionekani. Mkuu amefurahi mpaka ameniita Mama Kifungu mbele ya watu. Jina hilo nimelitolea jasho! Miaka mitatu iliyopita mtaalamu mmoja alituandikia kurasa mia mbili za mambo tusiyomwuliza, hadi rangi ya ngazi aliitolea maoni. Nikatunga kifungu cha tisa: mtaalamu atajibu maswali yaliyoorodheshwa tu, na maoni yoyote ya nje yataondolewa kabla ripoti haijapokelewa. Tangu hapo ripoti zetu ni nyembamba na safi. Kimo kwenye kila mkataba unaotoka humu. Nakipenda kifungu changu, nisiseme uongo.

Jumapili, 9 Machi

Kwa mama. Mdogo wangu kaja na shati la kazi, makusudi, tuione nembo. Ana miaka thelathini na minne na mama bado anamwita kitindamimba wangu. Ni mwendeshaji kwenye chumba cha udhibiti cha kinu. Leo ana habari: zamu yake ndiyo iliyochaguliwa kupandisha nguvu tarehe 5 Mei. Atakaa kiti cha katikati.

Mama kamwuliza kama lile dude halitamwunguza. Akasema, mama, mimi moto wenyewe hata siuoni, natazama mishale na namba tu. Nikamkumbusha kuwa birika la mama aliliunguza mara tatu, na lenyewe lilikuwa na mshale mmoja. Tulicheka mpaka mama akashika mbavu. Anasema pale getini simu zote zinaachwa kwenye kasha, hata ya waziri, kwa hiyo siku hiyo tusimtafute.

Nimeshajaza fomu ya maslahi kwamba nina ndugu wa damu kinuni. Mkuu kaisaini. Kila kitu kwa utaratibu.

Alhamisi, 20 Machi

Wataalamu ni watatu, wameanza Jumatatu. Tumewapa chumba cha mikutano kidogo, kile chenye kiyoyozi kinacholia. Wawili ni wanaume wapole wasioinua macho kwenye kompyuta. Kiongozi wao ni bibi mmoja, profesa mstaafu, nywele nyeupe zote. Haandiki kwa kalamu. Ana penseli sita na kichongeo kidogo cha chuma, na kila anapofikiri anachonga. Ofisi nzima sasa inamwita Bibi Penseli. Mfagizi analalamika juu ya yale maganda.

Amesoma mkataba wote. Wote! Sijawahi kuona. Akaniuliza kifungu cha tisa kimeandikwa na nani. Nikasema mimi, na nilisema kwa maringo. Akasema kimeandikwa vizuri, hakina mwanya. Kisha akageuza ukurasa wa maswali.

"Mwanangu, kati ya la sita na la saba mbona kama hatua imerukwa?"

Nikasema ndivyo yalivyotoka kwa wahandisi. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ukweli ungechukua dakika mbili tu.

Jumatano, 2 Aprili

Wataalamu wako kwenye swali la tatu. Kiyoyozi kimekufa. Nimeomba feni, nimeambiwa nijaze fomu.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo Bibi Penseli kaniita. Siyo Mkuu, siyo Desimali. Mimi.

Alikuwa peke yake, wenzake wameenda kula. Akaniwekea karatasi moja mezani, akachora mstari unaopanda taratibu, na nukta kando yake. Akasema nukta hizi ni majaribio. Watu walichukua vijiti halisi, wakavipasha joto, wakatoa maji, wakapima. Programu inapita katikati ya nukta vizuri kabisa. Halafu akaweka alama ndogo: hapa ndipo nguvu ya zamani inapoishia. Kutoka hapo akaendelea na mstari kwa vistari vya kukatika, hakuna jaribio hata moja, mpaka kwenye nguvu mpya. Kikomo cha joto kilikuwa juu yake. Nafasi kati ya mstari na kikomo haifiki upana wa ukucha wangu.

Nikamwuliza maana yake ni hatari?

"Maana yake ni kwamba sijui. Huenda ni sawa. Huenda siyo. Na wao hawajui, na hawajui kwamba hawajui, kwa sababu hakuna aliyewauliza."

Kakumbana na hilo alipokuwa anajibu la nne. La nne linauliza kama hesabu zimefanywa sawasawa. Zimefanywa sawasawa! Haliulizi kama zinafaa kwa nguvu mpya. Hilo lilikuwa swali jingine.

Nikavuta kiti, nikakaa. Nikamwambia ukweli, kwamba lilikuwepo, lilikuwa la saba, nililikata mimi ili siku zitoshe. Nilidhani atanigombeza. Alichukua kichongeo tu, akachonga penseli ambayo tayari ilikuwa kali. Akasema aliliona pengo siku ya kwanza, akadhani tuna mtu mwingine tuliyempa.

Hatuna mtu mwingine.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeingia kwa Mkuu saa mbili na nusu, kabla hajavua koti. Nimesema yote kwa pumzi moja. Siyo mtu mbaya, niandike hivyo. Alifunga mlango, akanipa maji. Akauliza nyongeza ya mkataba itakuwa siku ngapi. Nane. Jumla thelathini na sita. Bodi. Juni.

Nikasema basi tupokee maoni yake hivyo hivyo, tuyapeleke. Akafungua mkataba, akaweka kidole kwenye kifungu cha tisa. Akasema shirika lina mawakili wengi kuliko sisi tulivyo na viti. Tukizuia kibali kwa maoni ambayo mkataba wetu wenyewe unasema yaondolewe, watatumaliza.

Nilipofika mlangoni akaniambia, kwa upole kabisa: "Na wewe una ndugu pale. Ukilisimamia hili, watasema unamlinda."

Fomu nilijaza mwenyewe. Kifungu nilitunga mwenyewe. Nimejifungia ndani na ufunguo nimemkabidhi mtu.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemwomba Desimali aandike dokezo kwa Mkuu. Akasema alishaandika. Lilikuwa swali la saba.

Baadaye kaandika, kwa sababu ni mtu mwema kuliko mimi. Limerudi mchana huo huo. Mkuu ameandika pembeni: "Tusubiri ripoti."

Jumatano, 23 Aprili

Ripoti imekuja. Kurasa sitini na mbili, safi. Maswali yote saba yana majibu.

Ukurasa wa arobaini na moja, chini kabisa, kwa herufi ndogo, Bibi Penseli ameweka tanbihi. Sentensi tatu. Amesema majaribio yanaishia kwenye nguvu ya zamani, na kwamba anashauri jambo hilo liangaliwe kabla ya kuongeza nguvu. Amejaribu kuipitisha chini ya mlango, maskini bibi wa watu.

Saa tisa ripoti ikarudi kutoka kwa Mkuu. Amezungushia tanbihi duara la wino mwekundu. Pembeni: K. 9.

Kuondoa maoni ya nje ni kazi ya afisa mikataba. Ndivyo nilivyoandika miaka ile, ili wahandisi wasibishane. Nimefungua faili kwenye kompyuta. Nimeweka mshale mwanzo wa sentensi ya kwanza. Nilikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha nimefuta. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Halafu hati ya kupokea kazi: "Nathibitisha kuwa maswali yote yamejibiwa kikamilifu." Ni kweli tupu, hakuna neno la uongo. Nikasaini.

Najichukia leo.

Jumatatu, 28 Aprili

Kibali kimetolewa. Kulikuwa na keki.

Ijumaa, 2 Mei

Siwezi kula. Binti yangu ananiuliza kama ni malaria. Nimesema ni kazi. Akasema, mama, kila siku ni kazi, mbona siku nyingine unakula?

Nimefikiria kumwambia mdogo wangu. Nimwambie nini? Augue ghafla? Mwingine atakaa kile kiti, naye ana dada yake mahali. Ajue tu, akae pale na hofu yake? Naye akisema kazini, ataulizwa nani kamwambia, na hapo atapoteza kazi yeye kwanza, kisha mimi, na kinu kitapanda vilevile. Kila mlango ninaoufungua nakuta ukuta, na ukuta nimeujenga mimi.

Jumapili, 4 Mei

Kwa mama. Mdogo wangu kanyoa, kang'aa, utadhani kesho anaoa. Mama kampigia pasi shati mwenyewe. Wakati nafuta meza akanifuata jikoni.

"Dada, wale wataalamu wenu wamesemaje?"

Nikamwambia, "Wamejibu yote waliyoulizwa."

Uso wake ukalegea kwa faraja. Akasema basi, kama umewashika wewe najua hawakuteleza, wewe hata risiti ya nyanya unaisoma mara mbili. Akanigonga bega, akatoka kwenda kumtania mama.

Alipoondoka kwenda kwake, mama, aliyekuwa amenisikia kutoka sebuleni, alibaki amenitazama. Akasema, taratibu tu, bila kuacha kukunja kitambaa: tangu utoto nikivunja kitu huwa najibu hivyo, maneno marefu yasiyo na uongo ndani. Hakuuliza nimevunja nini. Afadhali angeuliza.

Jumatatu, 5 Mei

Saa tatu asubuhi. Kwenye ukumbi wa chini kuna skrini inayoonyesha nguvu ya kinu. Miaka yote hakuna anayeitazama. Leo watu wamesimama na vikombe. Mia moja ndiyo nguvu ya zamani. Watapanda hatua kwa hatua mpaka mia na nane, kila hatua wanasimama nusu saa. Sasa ni 100.

Saa nne na robo. Bibi Penseli yuko mapokezi! Amekuja kwa miguu yake, na bahasha. Nilishuka ngazi mbili mbili. Akasema mkataba wake uliisha Jumatano ile, na kifungu changu kinamshika mtaalamu mwenye mkataba. "Sasa mimi ni bibi tu anayeandika barua, mwanangu." Kurasa kumi na tano kwa penseli. Jibu la swali la saba, lile la zamani. Kalifanya nyumbani kwake bila kuombwa, siku nane kamili. Anasema mstari ukipinda kidogo tu kwenda juu, unagusa kikomo kwenye mia na sita. Hajui kama unapinda. Anaomba wasimame chini ya hapo mpaka mtu apime.

Nilimshika mikono yote miwili. Nikamwambia akae, nikamletea maji.

Saa tano. 102. Nakumbuka utaratibu, naujua kama jina langu: barua ya usalama ikishapewa namba na masijala, kinu hupigiwa simu papo hapo, husimama kilipo, mpaka ijibiwe. Namba tu! Siyo bodi, siyo Juni. Namba na muhuri.

Saa tano na nusu. Masijala. Mama Majalada, mtunza masijala, ameisoma barua juu juu, akanirudishia. Anasema inajibu swali ambalo halimo kwenye jalada lolote. Hawezi kuipa namba barua isiyo na kwao. Ni mwanamke wa miaka thelathini kazini, hajawahi kupoteza karatasi, na hajawahi kuvunja utaratibu. Mimi ndiye huwa namsifia hilo kwenye mikutano. Akasema nilete ushahidi kwamba swali liliwahi kuwepo.

Nimekimbia juu. Droo. Karatasi kumi na moja za Desimali, maswali manane, la saba limepigwa mstari kwa kalamu yangu ya bluu. Sikuzitia kwenye jalada. Nilijiambia ni rasimu tu.

Saa sita na nusu. 104. Nipo kwenye benchi la masijala, shajara kwenye mapaja. Naandika wakati nasubiri. Nimejaza fomu ya kufungua jalada jipya. Kuna mstari unauliza: aliyeondoa hati kwenye kumbukumbu. Nimeandika jina langu lote, na la baba. Mstari unaofuata: sababu. Nimeandika: ili siku zitoshe. Mama Majalada anasoma kwa kidole chini ya kila neno. Ameinua macho juu ya miwani, akaniuliza kama nina uhakika na jina hilo. Nikasema ninao. Kwa mara ya kwanza tangu Machi nimepumua mpaka chini.

Saa saba kasoro kumi. Anasema jalada jipya linataka saini ya Mkuu ndipo namba itoke. Nimeuliza Mkuu yuko wapi, na nilijua kabla hajafungua mdomo. Yuko kinuni. Kaalikwa kushuhudia. Amesimama nyuma ya kiti cha mdogo wangu.

Nimempigia. Simu inaita. Inaita ndani ya kasha la getini, juu ya simu ya mdogo wangu, najua. Makamu wake? Yuko hapo hapo, ubavuni kwake. Wote wamekwenda, ni siku ya furaha. Desimali amejaribu simu ya chumba cha udhibiti, inapitia getini kwanza. Amenipa mimi mkono wa simu. Anasema wewe ndiye mwenye jalada.

Nimemweleza mlinzi wa getini. Nimeeleza vizuri, taratibu, barua, profesa, mia na sita. Kasikiliza yote bila kunikatiza. Sauti yake ni ya mtu mwenye adabu.

"Nimekuelewa, mama. Namba ya barua?"

Nimemwambia asubiri. Mama Majalada ameshika muhuri mkono mmoja na fomu mkono mwingine, ananitazama, hashushi muhuri. Bibi Penseli amesimama mlangoni na kikombe cha maji. Mlinzi bado yupo, namsikia anahema. Desimali amerudi ukumbini mbele ya skrini, namwona kupitia kioo cha masijala, ananionyesha vidole vitano.

105.

"Mama? Bado nasubiri namba."